Upepo Wangu, Utani Wao

Harufu ya tumbaku ikiwa ndani ya bani, banda la kuikaushia, si ile harufu ya sigara mnayoijua. Siku ya kwanza moto ukiwashwa hunuka majani mabichi, kama mchicha uliosahauliwa kwenye sufuria. Siku ya tatu hugeuka ikawa tamu, kama asali iliyoanza kuungua, ikachanganyika na moshi wa magogo, ikaingia kwenye nywele, kwenye madaftari, hata kwenye ugali. Nimezaliwa Usoke, kijiji cha reli upande wa magharibi wa Tabora, na baba yangu alilima tumbaku maisha yake yote. Hadi leo nikipita mahali ambapo bani linawaka, mate hunijaa mdomoni na ngumi hujikunja yenyewe. Mate ni ya utoto. Ngumi ni kwa ajili ya mtu mmoja aliyeitwa Mhina. Ninaandika haya akiwa ameshazikwa na sijamsamehe, na nalisema mapema ili anayetafuta kisa cha kusameheana asipoteze muda wake hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Tumbaku ya baba ilikuwa imeshakaushwa, ikachambuliwa, ikafungwa mitumba na kwenda sokoni, na bani lilibaki limepoa, kuku wakiligeuza mahali pa kutagia. Ndipo upepo wa kiangazi ulipoanza. Aliyewahi kuishi kwetu anaujua. Huanza asubuhi jua likishapanda, hutoka mashariki, huvuma mchana kutwa na kubeba vumbi la barabara, hufungua milango na kuwavua wanawake khanga kichwani. Watu wazima waliulaani. Mimi niliutazama kwa uchu, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo. Baiskeli ya baba ilikuwa na dinamo, kile kichupa cha chuma kinachosugua tairi na kuwasha taa ya mbele. Jioni alipokuwa akirudi kutoka shambani niliiona taa ile kwa mbali: penye mchanga, anapokanyaga kwa taabu, ilififia, penye ardhi ngumu ikang'aa. Nikajiuliza swali moja tu. Kama taa haijali ni mguu wa nani unaozungusha gurudumu, kwa nini upepo usikanyage?

Sikumwambia mtu. Kwetu msichana akisema anataka kutengeneza kitu, hupewa ufagio kwanza. Nyuma ya bani kulikuwa na gurudumu la mbele la baiskeli nyingine, ya marehemu babu, bado lina tairi na foko yake, ile panda ya chuma inayolishika. Nikaliomba kwa baba nikisema ni la kuchezea, naye akaitikia bila kuinua macho. Dinamo ya pili niliipata kwa fundi redio wa karibu na stesheni, mzee mpole aliyekubali nimchotee maji wiki tatu. Mapanga ya kwanza ya kunasa upepo niliyakata kwenye bati kuukuu, sita, nikayafunga kwa waya kwenye spoku. Yalikuwa mazito na bapa kama visahani. Nikapanda kwenye kichuguu nikiwa nimeshika foko kwa mikono miwili, na upepo ukavuma mpaka macho yakajaa mchanga, lakini gurudumu likagoma. Nikiiondoa dinamo lilizunguka vizuri. Nikiibana kwenye tairi lilisimama palepale, kama punda aliyekataa mzigo. Nililia siku ile, halafu nikaona aibu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlilia.

Nilichojifunza wiki zile hakuna mwalimu aliyenifundisha, na hilo nitajisifu nalo hadi kaburini. Nilijifunza kwamba panga halitakiwi kuukabili upepo kifuakifua, linatakiwa kuuinamia kidogo, na kwamba linainama zaidi karibu na kitovu kuliko nchani, kwa sababu ncha inakimbia zaidi. Shuleni kulikuwa na kipande cha bomba nene la plastiki lililobaki baada ya kisima kuharibika. Nikagundua kwamba ukilipasua kwa urefu unapata kipande chenye mbinuko wake tayari. Nikakata mapanga matatu badala ya sita. Mojawapo lilikuwa zito kuliko mengine, na gurudumu zima likatikisika kama mtu mwenye homa, basi nikalikwangua kwa kigae cha chupa, kidogokidogo, nikiyapima kwa kuyaning'iniza kwenye kamba, mpaka yakalingana. Springi ya dinamo ilikuwa inabana mno. Nikaipunguza nguvu kwa kipande cha mpira wa ndani. Mkia nikautengeneza kwa lile bati lililonisaliti, ili gurudumu ligeuke lenyewe kuufuata upepo. Foko nikaichomeka ndani ya bomba la chuma lililopakwa grisi, na bomba nikalifunga juu ya mti mrefu kupita paa la bani. Tatizo moja sikulimaliza kamwe: gurudumu likigeukageuka, waya ulijisokota kwenye mti. Kila asubuhi nilipanda ngazi kuusokotoa, kama mtu anayesuka nywele za mtoto mkorofi.

Fundi redio ndiye aliyenipa sehemu ya mwisho. Alikuja kuona mwenyewe, akasimama chini ya mti akiwa ameshika kofia yake, akaguna. "Binti, umeme wa dinamo unakwenda na kurudi," akasema. "Betri inataka wa kwenda tu." Akanipa dayodi nne, vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kutoka kwenye redio iliyokufa, akanionyesha jinsi ya kuziunga, akaniazima betri ndogo ya pikipiki ambayo pikipiki yenyewe ilishaikataa. Alasiri moja, mama akiwa jikoni, nilivuta waya mpaka ndani. Jiko letu halikuwa na dirisha, mchana na usiku vilifanana humo. Nikaunga globu ndogo ya tochi. Mama alikuwa anakoroga ugali. Akaacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akatazama kuta zake mwenyewe, masizi ya miaka yote, buibui, picha ya kalenda iliyofubaa. Akasema, "Kalunde, kumbe jiko langu ni chafu hivi!" Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Katika maisha yangu nimesifiwa na wahandisi, lakini hakuna sifa iliyozidi ile.

Baada ya siku chache majirani wakaanza kuja na simu. Dayodi mbili zaidi zilipunguza nguvu ya betri ikafaa kuchajia, moja baada ya nyingine, polepole, upepo ukiwa mzuri. Sikumtoza mtu. Mama mmoja mwenye mume aliyekuwa Kaliua alikaa chini ya mti wangu asubuhi nzima akisubiri simu ijae apate kumpigia, na alipoondoka aliniita fundi. Neno lile lilinipa kiburi, nakiri. Nilitembea kijijini kama diwani. Na hapo ndipo nilipoanza kumuudhi Mhina, ambaye kibanda chake kando ya reli ndicho kilichokuwa na jenereta pekee Usoke, na simu zote za kijiji zilikuwa zikipita mikononi mwake kwa malipo.

Mhina alikuwa Mzigua. Baba yake alikuja na kazi za reli, akazeekea kwetu. Wasomaji wanajua kwamba Wanyamwezi na Wazigua ni watani, utani wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita na mizigo kwenda pwani na kurudi. Kijiji kizima kilikuwa cha Wanyamwezi, lakini Mhina alichagua nyumba yetu iwe nyumba yake ya utani, na kwa desturi yetu mtani wa nyumba ana haki zake. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe. Anaweza kuingia uani akachukua kitu anachokitaka, nawe huruhusiwi kununa. Utasubiri zamu yako ukachukue chake. Msibani ndiye anayefungua mdomo wa kwanza, akamwiga marehemu, akalala njiani jeneza lisipite, watu wakacheka katikati ya machozi. Baba na Mhina walitaniana kila walipokutana, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni ndugu. Sikatai kwamba utani ni dawa. Nasema tu kwamba dawa ile ile akipewa asiyeumwa huwa sumu.

Alikuja siku ya Jumapili, mchana, watu wakiwa wanatoka ibadani. Hilo alilipanga, kwa sababu alitaka watazamaji. Alikuja na ngazi begani na wenzake wawili, wanaimba, na nyuma yao kundi la watu waliokuwa wameshaanza kucheka kabla ya kujua kinachochekesha. "Hodi, wabeba pembe!" akapiga kelele uani kwetu. "Babu zenu walibeba pembe za watu mpaka mabega yakaota sugu. Leo mmechoka, mnataka upepo uwabebee?" Baba akatoka ndani akiwa na kikombe cha chai, uso umeshachanua. "Toka hapa, Mzigua usiye na shukrani! Babu yako alikaa njiani akiomba chumvi kwa babu zangu!" Watu wakaangua kicheko. Mhina akaegemeza ngazi kwenye mti wangu, akapanda.

Nilidhani anacheza. Hata alipolishika gurudumu likiwa linazunguka, akalisimamisha kwa mkono, bado nilidhani atafanya kichekesho kimoja kisha ashuke. Nilipomwona anatoa bisibisi mfukoni ndipo nilipoelewa. Mtu anayekuja kutania haji na bisibisi. Nikamkimbilia baba, nikamshika shati. "Baba, mwambie aache!" Baba akaniwekea mkono kichwani, macho yake yakiwa juu ya ngazi, bado anacheka. "Ni utani, mwanangu. Mtani hakasirikiwi." Panga moja likavunjika likishushwa. Waya akaukata kwa koleo, hakuhangaika kuufungua. Betri akaichukua pia, betri isiyokuwa yangu. Akaondoka amevaa gurudumu shingoni kama shada la maua, anacheza, na kijiji kizima, watu niliowachajia simu zao, yule mama mwenye mume Kaliua, wote walikuwa wanacheka. Mama peke yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, hacheki. Alirudi ndani kwenye giza lake akaendelea kupika.

Wiki hiyo hiyo baba akatumia zamu yake. Alikwenda kwa Mhina akachukua jogoo mkubwa mwekundu, akamleta kwetu ananing'inia miguu juu, Mhina akifuata nyuma akilia kilio cha uongo. Jogoo akachinjwa, wakamla pamoja, wakanywa, wakapigana mabega. Kwao mambo yalikwisha siku ile. Jogoo kwa gurudumu, sare bila kufungana. Mimi niliitwa nile paja, kama fidia. Nikasema nimeshiba. Baba akaniambia, "Usiwe na roho ya korosho, Kalunde." Kitu kilichoniuma si kwamba walifanya biashara ya kitu changu, kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba kilikuwa changu. Dinamo niliiona baadaye kwenye baiskeli ya Mhina. Mapanga mawili yaliyobaki aliyatundika kwenye kibanda chake, yakawa pambo. Betri alisema imekufa, na fundi redio, mpole wa watu, alisema tu, "Basi, tumwachie Mungu." Mimi sikutaka kumwachia Mungu. Mungu ana kazi nyingi.

Nikajaribu kulipiza kwa sheria yao wenyewe. Nilitoka shuleni nikapita kibandani, mchana kweupe, watu wapo, nikachomoa kamba ya kuwashia jenereta iliyokuwa imening'inizwa msumarini, nikaiinua juu na kusema kwa sauti, "Utani!" Hakuna aliyecheka. Mhina alinitazama kwanza kwa mshangao, halafu kwa kitu kingine, na jioni alikuja nyumbani na uso wa msiba, akaketi na baba, wakazungumza kwa sauti za chini kama watu wa baraza. Uamuzi ulikuwa kwamba mtoto hana utani na mtu mzima. Utani ni wa baba, mimi nimeiba. Nilichapwa viboko vitatu mbele yake, kisha nikapelekwa kibandani kurudisha kamba kwa mikono miwili, nimepiga goti, na kusema shikamoo, nisamehe. Aliitikia marahaba. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alichukua cha mtoto, ikaitwa utani. Mtoto alipochukua cha mkubwa, ikaitwa wizi. Nilipokuwa nimepiga goti pale niliangalia viatu vyake nikajiapia kwamba ipo siku nitakuwa mtu mzima.

Sikutengeneza gurudumu jingine. Upepo uliendelea kuvuma mpaka mawingu ya kwanza yalipokuja, na kila ulipovuma nililala kifudifudi nisiusikie. Lakini hasira ni kuni kavu, nami niliitumia. Niliingia sekondari nikiwa na hasira, nikaingia chuo cha ufundi nikiwa na hasira, na katika darasa la umeme nilikuwa msichana peke yangu, na kila mvulana aliyenicheka nilimwona ana uso wa Mhina. Leo nina kampuni ndogo Tabora mjini. Nguzo za umeme zilipofika Usoke, mimi na vijana wangu tulifunga nyaya kwenye nyumba nyingi za kijiji. Jiko la mama, Mungu amrehemu aliko, lina taa mbili. Mhina naye alikuja kuniona, mzee sasa, kibanda chake kimekufa kwa umeme ule ule. Akaniomba nimfungie nyumba yake. Nikamfungia, kazi safi, sikuacha hata kipande kimoja cha waya sakafuni. Akanishukuru, akanipiga bega, akasema, "Unakumbuka nilivyokutania, mtani? Nilikufanya ukawa fundi!" Akacheka. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akijihesabia kwamba alinifadhili. Alikuwa ameshaniita mtani kwa kinywa chake, nikaona kwamba sasa nina haki niliyonyimwa siku ile ya viboko, na nikasubiri.

Alifariki mwaka jana, kiangazi. Baba alinipigia simu mwenyewe. Amezeeka, sauti yake imebaki pumzi tu, hawezi tena kuruka na kuigiza msibani, kwa hiyo utani wa nyumba umeshuka kwangu. Wote walijua. Nilipofika walinipisha njia, wakinitazama kwa matumaini, maana msiba usio na mtani kwetu ni kama chakula kisicho na chumvi. Watoto wa Mhina walikuwa wamenitayarishia koti la marehemu nilivae nimwige, na fimbo yake. Nikapokea koti, nikalikunja, nikaliweka juu ya mkeka kando yangu. Nikaketi. Nyimbo zikaimbwa. Watu wakasubiri. Jeneza likatolewa nje, wabebaji wakasimama mlangoni kama desturi inavyotaka, wakiningoja nilale njiani niwazuie, nidai changu, niseme marehemu alikuwa mchoyo, mwizi wa kuku, mla peke yake, watu wacheke na kumsindikiza. Nikaendelea kukaa. Wabebaji wakabadilishana mabega. Nikasikia waya wa umeme unalia juu ya paa kwa upepo.

Baba akaja akijikongoja mpaka upande wa wanawake, akainama sikioni kwangu. "Sema neno, mwanangu. Lolote. Unamwaibisha maiti." Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, sikupiga kelele, lakini watu walikuwa kimya na wote wakasikia. "Baba, marehemu hakuwa mtani wangu. Mliniambia wenyewe." Nikaona neno likipita kichwa kwa kichwa. Wapo waliokuwapo uani kwetu Jumapili ile, wazee sasa, na niliwaona wakihesabu: kama hakuwa mtani wake, basi lile gurudumu lilikuwa nini? Bibi mmoja nyuma yangu akalijibu swali hilo kwa nguvu, bila kuulizwa: "Basi alimwibia mtoto." Mtoto mkubwa wa Mhina akainamisha uso. Jeneza likapita bila kicheko hata kimoja, likaenda makaburini kama mzigo mwingine wowote.

Wanasema kisasi hakishibishi. Hao hawajawahi kukila. Mimi nilirudi Tabora na basi la jioni nikiwa nimeshiba, na ningepewa siku ile tena ningeketi vilevile juu ya mkeka uleule. Lakini nimeahidi kusema yote. Zamani zile nyumba yetu ilikuwa na giza, na ili mtu wa Usoke amsikie ndugu yake aliye mbali ilibidi asubiri upepo au asubiri Mhina. Siku hizi nyumba ya baba ina umeme usiku na mchana, nyaya zake nimezivuta kwa mikono yangu, na simu yake haikosi chaji. Hajanipigia tangu msiba ule.